Udongo Usiopita Motoni: Mapambo ya Krismasi kutoka Nyamiaga

Tangu nilipotundika nyota tatu za udongo kwenye dirisha la chumba chetu hosteli, nimeulizwa swali lilelile na watu wasiopungua kumi: "Umenunua wapi?" Nikisema nimetengeneza mwenyewe, linafuata la pili: "Sasa ulichoma wapi?" Sikuchoma popote. Hapo ndipo maelezo yanapokuwa marefu kuliko foleni ya mgahawani, na ndiyo maana nimeomba kurasa hizi za jarida letu niyatoe yote mara moja, pamoja na aibu iliyomo ndani yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Udongo wa kukauka hewani unafinyangwa ukiwa laini, unaachwa mezani siku mbili tatu, halafu unakuwa mgumu bila tanuri. Ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa mijini ni mweupe, umefungwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa, na siri yake si kubwa: ni udongo au unga laini wa madini uliochanganywa na nyuzi za karatasi na gundi. Aina nyingine hazina hata chembe ya udongo. Maji yakitoka, gundi inashika, nyuzi zinafunga, basi. Pakiti yangu ya kwanza ya nusu kilo ilikula pesa ya chakula cha siku tatu na ikanipa nyota kumi na nne. Ukipiga hesabu ya mti mzima utaona kwamba hiyo ni starehe ya mtu ambaye boom limeingia jana.

Wala jambo lenyewe si geni kwa Krismasi. Pango la Noeli tunalolijua makanisani linahesabiwa kuanzia Fransisko wa Assisi, aliyeigiza kuzaliwa kwa Yesu kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, akitumia watu na wanyama hai. Sanamu zilikuja baadaye. Kule kusini mwa Ufaransa, wakati wa Mapinduzi, makanisa yalipofungwa, watu walitaka mapango yao madogo ya nyumbani. Fundi mmoja wa Marseille, Jean-Louis Lagnel, akaanza kutengeneza sanamu ndogo kwa kalibu za plasta ili mtu wa kawaida aweze kuzinunua. Hawakuwa Yosefu na Maria peke yao. Alikuwepo mvuvi, muuza samaki, mchunga kondoo, watu wa mtaani kabisa. Soko la sanamu hizo lilianza Marseille mwaka 1803 na mpaka leo lipo kila mwaka. Kinachonihusu mimi ni hiki: sanamu za Lagnel zilikuwa za udongo mbichi uliokaushwa tu na kupakwa rangi. Kuchoma kulifuata miaka mingi baadaye.

Sasa Marseille si Ngara. Kwa ambao hawajafika, Nyamiaga ni jirani kabisa na mji wa Ngara, kwenye vilima vya mkoa wa Kagera, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi unapita Kahama, unapita Nyakanazi kule Biharamulo, Lusahunga, Benaco, ndipo unapanda vilima. Mvua za vuli huko huanza mwezi wa tisa au wa kumi, na Desemba bado zinanyesha. Asubuhi ukungu umelala mabondeni. Nguo unayoanika leo unaivaa keshokutwa, tena ikiwa na unyevu kwenye mshono. Na mimi nilikuwa nakwenda huko na ufundi unaoitwa "kukauka hewani".

Kisa kilianza kwa simu. Vijana wa kigango chetu walikuwa wameziona zile nyota kumi na nne kwenye simu ya dada yangu. "Wewe si msomi? Tutengenezee mapambo mwaka huu, tumechoka na maputo." Walitaka mapambo 60 ya mti na sanamu za pango. Wakachanga, wakanitumia shilingi 45,000 za vifaa. Nikakubali kabla sijafikiri. Na hapa ndipo penye aibu niliyoitaja: elfu kumi na mbili kati ya hizo niliziingiza kwenye nauli yangu ya kwenda nyumbani, nikijiambia nitafidia kwa kutengeneza kwa bei rahisi. Kwa hiyo sikuwa nafinyanga kwa raha. Nilikuwa na deni ambalo mwenye nalo hakulijua.

Bei rahisi niliyoijua ilikuwa ya unga na chumvi. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji kama kikombe kimoja ukiyamimina kidogo kidogo, unakanda mpaka donge liache mikono. Unasukuma kama chapati, unakata maumbo, unatoboa tundu, unakausha. Wengi wetu tulifundishwa hivyo shule ya awali. Siku ya kwanza mapambo yalipendeza. Siku ya tatu yalikuwa yanatoa jasho. Siku ya nne sisimizi walikuwa wameshapata habari.

Jasho lile lina maelezo. Chumvi ya mezani hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ikizidi kiasi cha asilimia 75 ya unyevu, chumvi huanza kuyeyuka yenyewe ndani ya maji hayo. Ndiyo maana chupa ya chumvi inaganda wakati wa mvua. Ukiwa mahali pakavu penye jua, donge la unga na chumvi linaweza kukutunza hadi Mwaka Mpya. Kwenye ukungu wa Ngara umetundika sifongo mtini. Kama ni lazima ulitumie sehemu zenye unyevu, likaushe jikoni kwa moto mdogo sana, kisha lifunge pande zote kwa vanishi siku hiyohiyo, hata ndani ya tundu. Mimi sikujua hayo. Nilimwaga ungo mzima kwa kuku, nao wakasusa kwa sababu ya chumvi.

Nikageukia udongo wa bure. Chini ya shamba letu la migomba, karibu na bonde la mafunjo, kuna udongo wa kijivu unaonata kwenye viatu mpaka unaongeza urefu. Nilijaza ndoo, nikaondoa majani na mawe, nikakanda, nikakata nyota ishirini. Kwa kuwa jua halikuwepo, nikazipanga juu ya uchaga wa jikoni, juu ya moto wa maharage. Asubuhi nyota kumi na saba zilikuwa zimepasuka, na tatu zilizobaki zimejikunja kama kiganja cha mtu anayeomba.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Vigae hivyo umevitoa wapi?"

"Si vigae bibi. Ni nyota."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Alifinyanga vyungu na mitungi mpaka sufuria na ndoo za plastiki zilipommalizia soko, na nilikuwa sijawahi kumwona akigusa udongo tangu nipate akili. Nilikuwa nimesafiri siku nzima na pakiti za dukani kichwani, wala sikukumbuka kwamba nalala nyumba moja na mtaalamu. Alipomaliza kucheka aliniuliza maswali matatu: ulichimba wapi, uliulaza siku ngapi, na uliukausha wapi. Karibu yote nitakayoandika kuanzia hapa yanatoka kwenye maswali hayo. Mimi nimeongeza vipimo tu.

Ulichimba wapi. Udongo wa juu una mizizi na mbolea ya majani, vitu vinavyooza na kuacha matundu. Unaondoa tabaka hilo na kuchukua wa chini yake. Halafu unaupima. Viringisha kipande kiwe kama mnyoo wenye unene wa penseli, uzungushe kwenye kidole. Ukikatika, una mchanga mwingi. Ukizunguka bila ufa hata mmoja, unafinyangika. Ila usifurahi mapema, kwa sababu udongo unaonata sana ndio unaosinyaa sana. Hapo mimi niliingiza kipimo cha darasani: tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kausha, pima tena. Mstari wangu ulirudi sentimita 9.1. Yaani nyota nzima ilitaka kupungua kwa asilimia tisa, na kila ncha ilikuwa inavutwa kivyake.

Kwa nini inasinyaa? Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, kama kurasa za kitabu zilizomwagika, na kati ya kurasa hizo kuna maji. Maji ndiyo yanayozifanya ziteleze, ndiyo maana unafinyangika. Maji yakiondoka, kurasa zinasogeleana. Tatizo si kusogeleana. Tatizo ni upande mmoja kusogea mapema kuliko mwingine. Juu ya moto wa maharage, tumbo la nyota lilikauka na kuvutika wakati mgongo bado laini. Kitu kikivutwa hivyo hujikunja, na kisipoweza kujikunja hupasuka. Chembe zikishagusana, kusinyaa kunaisha, na maji yaliyobaki kwenye vitundu yanatoka bila madhara. Kwa hiyo hatari yote iko siku ya kwanza na ya pili. Watu wengi wanakuwa waangalifu mwishoni, wakati udongo hauhitaji tena uangalifu wao.

Uliulaza siku ngapi. Nilijibu sikuulaza, na bibi akatazama pembeni kwa adabu. Udongo unalowekwa mpaka uwe uji, unachujwa (chujio la chai linatosha kwa kazi ndogo, kama una subira), unaachwa utulie, maji ya juu yanamwagwa, na uji mzito unamwagwa juu ya kitambaa mpaka ukandike. Kisha unafunikwa na kulala. Bibi anataka wiki nzima au zaidi. Mimi nilikuwa na siku nne, kwa hiyo ulilala siku nne. Wakati huo maji yanafika kila mahali sawasawa, na unapokanda unatoa hewa iliyobaki.

Kwenye kukanda ndipo unapoongeza kitu cha kuuzuia udongo usijivute sana. Wafinyanzi wa zamani waliongeza vigae: vyungu vilivyovunjika vinatwangwa na kuchekechwa. Ni akili nzuri sana ukiifikiria. Kigae kimeshapita motoni, kimeshasinyaa mara ya mwisho, hakinywi maji kikavimba. Kila kijiko cha kigae ni kijiko kisichosinyaa tena, na kinamwachia maji njia ya kutokea. Kwa chungu cha maharage kinafaa. Kwa nyota yenye unene wa milimita sita vigae vilikuwa vinachubua kingo, hivyo nikatumia mchanga laini uliochekechwa kwa kitambaa. Halafu nikaongeza karatasi.

Karatasi ndiyo inayougeuza udongo wa bondeni kuwa ndugu wa ule wa dukani. Chukua karatasi laini ya chooni, roli moja, iloweke kwenye maji ya moto, ipige mpaka iwe kama ugali uliolegea, kamua maji. Kwa kila vikombe vitatu vya udongo weka kikombe kimoja cha karatasi iliyokamuliwa, nusu kikombe cha mchanga laini, na vijiko viwili vya gundi nyeupe ya mbao. Kanda mpaka usione nyuzi. Mstari wangu wa sentimita 10 safari hii ulirudi 9.5, na kipande kikavu ukikidondosha kutoka mezani kinaruka badala ya kuvunjika. Tengeneza cha kutumia siku mbili tu, maana karatasi yenye maji inaoza na harufu yake hutaisahau.

Bibi alikubali kila kitu isipokuwa hiki. "Karatasi ya chooni? Kwenye pango la Yesu?" Nikamwambia ni mpya, haijatumika. Akasema alijua haijatumika, bado hapendi. Sanamu za pango zikafinyangwa bila karatasi, kwa vigae vyake, na mimi nikabaki na mapambo ya mti.

Swali la tatu, uliukausha wapi, lilikuwa na jibu fupi: usiukaushe, uache ukauke. Nyota zilipangwa kwenye ungo, kwa sababu ungo unapitisha hewa chini pia, zikawekwa nyuma ya mlango wa chumba kisicho na moto wala upepo. Siku ya kwanza tulizifunika kwa majani ya mgomba, jioni tukazigeuza. Siku ya pili tulifunua nusu siku. Siku ya tatu tukaacha wazi. Baada ya siku tano hivi hazikuwa na ubaridi tena ukiziweka shavuni, na ubaridi ndio kipimo: kitu chenye maji bado kinatoa mvuke na kinapoa. Hapo, na si kabla, unaweza kuzisogeza karibu na joto la jiko zimalizie. Kwa Ngara ya Desemba hesabu wiki nzima. Kwa hapa chuoni, siku tatu. Kati ya 60 zilizotakiwa, zilizonyooka na kupona zilikuwa 47.

Vitu vidogo ambavyo hakuna aliyeniambia: tundu la kutundikia litoboe udongo ukiwa laini, kwa mrija wa soda, sentimita moja kutoka ukingoni, kubwa kuliko unavyotaka, maana nalo linasinyaa. Kingo zilainishe kwa kidole chenye maji kabla hazijakauka. Ufa mwingi huanzia kwenye ukingo uliokatwa kwa kisu na kuachwa na meno. Ufa mdogo unazibwa kwa uji wa udongo uleule wenye gundi, ila ulowanishe kwanza. Msasa laini unakuja mwisho, nje, huku umefunga mdomo na pua kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la udongo si rafiki wa mapafu.

Na kwa wenzangu wa hosteli msio na bonde wala bibi karibu, kuna njia ya sufuria. Konflawa kikombe kimoja, gundi nyeupe ya mbao kikombe kimoja, mafuta ya kula vijiko viwili, maji ya limao kijiko kimoja. Koroga juu ya moto mdogo mpaka donge liachane na sufuria, kisha kanda likiwa la uvuguvugu. Konflawa, narudia, si sembe. Jirani yangu alitumia sembe na kilichotoka tulikula kwa macho tu. Donge hili linakauka jeupe na laini kama bonge la mshumaa, ila linasinyaa kuliko udongo wenye karatasi, kwa hiyo litumie kwa vitu vyembamba: majani, maua, malaika wadogo. Sufuria ioshe haraka, gundi haikusubiri.

Tulipofika kwenye nakshi, bibi aliacha kutoa maelekezo na kuanza kufanya. Alichukua gunzi la mahindi akaliviringisha juu ya udongo laini, likaacha safu za vidoti. Kisha akasokota nyasi kuwa kamba fupi, akaiviringisha vilevile, ikaacha mistari ya mshazari kama mkeka. Nilikuja kusoma baadaye, maktaba ya hapahapa chuoni, kwamba alama za kamba iliyoviringishwa ni mojawapo ya sahihi za vyungu vya nchi za Maziwa Makuu kwa kama miaka elfu moja, wanaakiolojia wanazitafuta wanapochimba. Na kabla ya hivyo mkoani Kagera vilikuwepo vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali kule Kenya vilipotambuliwa kwanza, vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,000 na mistari iliyochorwa kwa mkono. Sikumwambia bibi. Angesema sasa nyie mnasomea nini.

Rangi nilizipata ng'ambo. Ukivuka Kagera pale Rusumo unaingia wilaya ya Kirehe, Rwanda, na huko ndiko kunakotengenezwa imigongo, zile picha za mistari iliyoinuka unazoziona kwenye kuta za hoteli za Kigali. Masimulizi yanazirudisha kwa Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyepamba kuta za nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 akina mama wa huko walijiunga vikundi na kuufufua ufundi ule. Nao hawachomi chochote. Ni kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kinapangwa kwa vidole juu ya ubao kuwa matuta, kinaachwa kikauke chenyewe, kinasuguliwa, kinapakwa rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Hali ya hewa ni ileile ya kwetu, na inakauka. Nikasema kama wao wanaweza, basi. Nyeupe nilitumia chokaa, nyekundu udongo mwekundu uliochujwa, nyeusi masizi ya chini ya sufuria, zote nikizichanganya na gundi na maji kidogo. Rangi ya duka ingekuwa rahisi zaidi, lakini zile elfu kumi na mbili zilikuwa zimeshaondoka.

Pesa iliyobaki nilinunua vanishi, na hilo ndilo jambo moja ambalo nashauri usibane. Bibi alikuwa na neno lake kuhusu nyota zangu: hakijapita motoni, hakijawa kitu. Nilidhani ni dharau ya fundi mzee. Kumbe kikemia yuko sahihi. Udongo uliokauka tu umepoteza maji yaliyokuwa kati ya chembe. Ukiulowesha, yanarudi, unakuwa tope. Ndani ya chembe zenyewe kuna maji mengine yaliyofungwa, ambayo hayatoki mpaka moto ufike kama nyuzi joto 600, na hayo yakitoka udongo hubadilika moja kwa moja, hauwezi kurudi nyuma hata ukiuloweka mwaka mzima. Moto wa wazi wa kuni na nyasi aliokuwa akichomea bibi unafika huko. Gundi, karatasi na vanishi haviwezi kuchukua nafasi ya moto. Vinachelewesha maji tu. Kwa pambo la wiki tatu inatosha. Usimtengenezee mtu kikombe cha chai kwa njia hii.

Mti wetu ulikuwa tawi la saipresi kwenye ndoo ya mchanga, na tawi hilo linainama haraka. Pima: pambo likizidi gramu 30 liweke karibu na shina. Kwa kweli ukitaka mti wenye mapambo yake ya Desemba bila kazi, kuna ule wenye maua mekundu tunaouita mkrismasi, lakini huo haukubali kuingia kanisani.

Mkesha wa Noeli mti ulisimama, nyota 47, na pango chini yake. Kilichonikwepa ni kondoo. Watoto wa mafundisho walikuwa wamefinyanga kondoo wao tisa jana yake, udongo mtupu, bila karatasi, bila vanishi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakatalia. Usiku mvua ilikuja na upepo, na dirisha la upande ule halina kioo. Asubuhi nyota zilikuwa zinaning'inia, zina matone juu ya vanishi kama zimeoshwa. Sanamu za bibi zilikuwa zimesogezwa ndani zaidi, zikapona. Kondoo walikuwa dimbwi la kijivu lenye macho ya mbegu za papai. Mtoto mmoja alilia ibada nzima.

Baada ya misa nilimfuata mtunza hazina wa vijana nikamweleza habari ya nauli. Alinyamaza kidogo, akasema, "Andika." Nikaandika kwenye daftari lake, nikatia saini. Nilizirudisha Machi, boom lilipoingia.

Nilipotoka nje bibi alikuwa amechuchumaa na yule mtoto, wanakusanya wale kondoo kwa kijiko na kuwatia kwenye kopo la rangi. Akalifunika kwa jani la mgomba. "Huu bado mzima," alimwambia, "si haujachomwa?" Juzi dada amenipigia: udongo umelala tangu Oktoba, umeongezwa mwingine, na bibi anauliza nitafika lini. Karatasi, anasema, niinunue huku huku, na nisimwonyeshe roli lake.